Sixten na Ukuta wa Buluu

Sixten Borglund hakuliamini tofali aliloletewa. Aliligeuza mara tatu juu ya meza ya jikoni, akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Kisha akafungua droo, akatoa kile kioo anachosomea gazeti la mkoa, akaanza kuchungulia matundu yake moja baada ya jingine.

"Baba, ni tofali tu," akasema Hillevi, binti yake wa pekee. "Si barua ya benki."

"Barua ya benki naielewa. Hili sijui linaficha nini."

"Halifichi kitu. Sehemu kubwa yake ni hewa tupu."

"Hewa gani?"

Hillevi akacheka, akamhamisha mtoto kutoka bega hili hadi lile. Ilikuwa mapema Februari, theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha, na mambo yote yalikuwa yamekwisha kupangwa. Yeye na mumewe Joar wangejenga vyumba viwili ubavuni mwa nyumba ya mzee, hapa Hällbo, kwa matofali meupe ya zege jepesi. Nyumba yao ya kupanga mjini Örebro wangeiacha mwisho wa Aprili. Mpaka paa jipya lisimame, wangelala na mtoto wao Ylva, mwenye miezi minne, katika chumba cha zamani cha Sixten na marehemu mkewe. Kilichobaki ni kauli ya mzee tu, maana kiwanja ni chake. Watoto kuja alikubali. Vyumba kujengwa alikubali. Lililomkwamisha ni tofali.

"Jengeni kwa mbao," alisema.

"Mbao zinataka kupakwa rangi kila mara. Joar hawezi kupaka hata siagi kwenye mkate."

"Basi nitapaka mimi."

"Una miaka sabini na tisa, Baba. Nikuone juu ya ngazi?"

Akamsogezea kijitabu cha kampuni. Jalada lilikuwa na picha ya tofali limeota jani bichi, na chini yake maneno kwamba hili ni jengo rafiki wa mazingira. Sixten alilitazama jani lile kama mtu anayetazama mlango wake ulioachwa wazi ilhali aliufunga.

"Hata letu lilikuwa rafiki," akasema.

Alizaliwa hapa hapa, mwaka 1944, kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi chini ya kilima cha majivu. Kilima chenyewe ni kazi ya watu: ni mabaki ya mwamba mweusi wenye mafuta ndani yake, uliochimbwa na kuchomwa kwa miaka mingi. Hata leo theluji haikai kileleni. Inatua, inayeyuka, kwa kuwa ndani bado kuna moto. Majivu ya mwamba huo ndiyo yaliyokuwa chakula cha kiwanda, na kiwanda ndicho kilichokuwa chakula cha Hällbo.

Sixten aliingia akiwa na miaka kumi na sita, akawa mkataji. Majivu yaliyosagwa, chokaa, maji na unga kidogo wa alumini vilimiminwa kwenye makalibu ya chuma marefu kama lori, na katika muda wa mtu kunywa kahawa vikombe viwili uji ule uliumuka kama unga wa maandazi. Kabla haujawa mgumu, yeye na wenzake waliupitishia nyuzi za chuma, wakaugawa vipande sawasawa, vikasukumwa kwenye matanuri ya mvuke. Vilitoka vikiwa vyepesi, vimejaa matundu, na rangi yao ilikuwa buluu ya kijivu kama mbawa za njiwa. Nchi nzima iliyapenda matofali hayo. Hayaozi, hayaungui, yanashika joto, na fundi mmoja anapandisha ukuta peke yake bila kuumia mgongo.

Wakati wa kahawa msimamizi wao alikuwa na hotuba yake ile ile. "Hatukati mti hata mmoja," alisema. "Mwamba unajichoma kwa mafuta yake wenyewe, na majivu yake yanakuwa nyumba. Nani mwingine duniani anajengea watu nyumba kwa takataka zake?" Wanaume waligonga vikombe mezani. Sixten naye aligonga.

Mwaka 1969 akajenga nyumba yake mwenyewe, kwa matofali yaliyomeguka pembe ambayo kiwanda kiliwaachia wafanyakazi. Gunvor, mkewe, aliyabeba kwapani mojamoja kama mikate. Mtaa mzima ulijengwa hivyo, nyumba kumi na tatu, kila moja ikichungulia ya mwenzake kama iko sawa.

Halafu, katikati ya miaka ya sabini, likaja neno kwamba mwamba ule una urani kidogo, na kwamba urani hutoa gesi, radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutoka ukutani polepole na kuingia mapafuni mwa aliyelala. Tofali la buluu likakomeshwa. Kiwanda kikahamia kwenye mchanga, matofali yakawa meupe, na waliokwisha kujenga wakabaki na kuta zao.

Mimi ninayesimulia haya nimelala katika nyumba za kila aina, za udongo, za makuti, za mawe ya baharini, na karibu kote nilikofika nimekuta watu wanamshuku jirani lakini ukuta wanauamini. Hapa Hällbo, nilikohamia na kuwa jirani yao, walishuku vyote viwili. Hakuna aliyetaja kipimo cha radoni cha nyumba yake. Watu walisoma madirisha: nani amefungua la chumbani Januari, na kwa nini. Aliyeweka feni ya kutolea hewa aliiweka upande wa nyuma, akasema ni ya harufu ya samaki.

Vikopo vya kupimia vilifika kwa posta majira ya baridi ya mwaka 1986, vidogo, vyeusi, mfano wa kopo la rangi ya viatu, viwili kwa kila aliyejaza fomu ya manispaa. Sixten alikuwa wa kwanza mtaani kuijaza, na alihakikisha kila mtu anajua. Maelekezo yalikuwa wazi: kimoja chumbani, kimoja sebuleni, mbali na madirisha, miezi miwili. Gunvor alikuwa na mtoto mchanga na usingizi wa kuibia, hakuuliza. Sixten akaviweka vyote viwili kwenye baraza ya vioo, iliyojengwa kwa mbao tupu na ambayo mlango wake haukuwahi kufunga sawasawa. Kwenye karatasi akaandika: chumbani, sebuleni.

Jibu likarudi: sitini, namba ndogo isiyomtisha mtu. Akalipeleka kiwandani, akalisoma kwa sauti kwenye chumba cha kahawa mbele ya watu kumi na wawili.

Hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Aliniambia hivyo mara moja tu, miaka mingi baadaye, akiwa anaangalia pembeni. Alikuwa amekata matofali yale kwa mikono yake, na kama tofali ni baya basi yeye ndiye aliyeulisha mtaa mzima sumu. Kwa hiyo tofali lilitakiwa liwe zuri. Lakini watu walihesabu upesi: jiwe ni lile lile, tanuri ni lile lile, kama kwa Sixten ni sitini basi kwetu itazidi nini? Fomu nyingi ziliishia kwenye majiko ya kuni.

Gunvor alifariki mwaka 2011, kwa mapafu. Alikuwa amevuta sigara tangu ana miaka kumi na saba, kwa hiyo daktari hakuuliza habari za kuta. Sixten hakumwambia. Ila tangu siku hiyo alianza kushuku kila kipimo cha kila mtu: cha maji, cha umeme, cha sukari yake mwenyewe. Watu walidhani ni uzee. Kumbe alijua namba inavyopikwa.

Alhamisi iliyofuata, Hillevi akamleta muuzaji. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, jina lake Disa, amevaa viatu vya ujenzi ambavyo alivivua mlangoni akabaki na soksi zenye picha za ndizi. Supu ya njegere ilikuwa mezani kama Alhamisi zote, na chapati za maji zilikuwa kikaangoni. Ylva alikuwa amelala kwenye kikapu chake katika chumba cha mzee.

"Mnatumia majivu?" Sixten akaanza kabla mgeni hajashika kijiko.

"Hapana. Mchanga, chokaa, saruji kidogo, jasi na maji."

"Na alumini."

"Na alumini. Naona unaijua kazi."

"Miaka thelathini na miwili. Usiniuzie uji niliokuwa nikiupika mimi."

Disa akacheka. "Basi sina haja ya kukuimbia. Unajua malighafi kidogo inavyoumuka ikawa ukuta mkubwa. Lori moja linabeba kazi ya malori matatu. Mabaki ya kukata yanarudi kwenye kalibu."

"Hata sisi tulirudisha mabaki."

"Na ukuta unashika joto wenyewe, bila kujaziwa sufi ya kuzuia baridi. Unachoma kuni chache miaka hamsini."

"Chokaa mnachoma kwa moto wa nini?"

Disa akaweka kijiko chini. "Kwa gesi. Moshi upo. Saruji nayo ina moshi wake. Ni kidogo kuliko zege zito, kwa kuwa tunatumia kidogo, lakini anayekwambia hakuna moshi anakudanganya."

"Mbona kwenye kitabu chenu mmechora jani?"

"Jani wamechora watu wa ofisini. Mimi nauza tofali."

Sixten akamwongezea supu. Hillevi akapumua. Alidhani yameisha.

"Na radoni?" mzee akauliza.

Mkoa huu wauzaji wa zege jepesi hubeba kipima mionzi kama fundi bomba anavyobeba spana, kwa kuwa swali hilo lazima liulizwe. Disa akakitoa mkobani, akakiweka juu ya tofali jeupe. Kikasema tik. Kikanyamaza. Kikasema tik tena, kivivu.

"Betri imekwisha," akasema Sixten.

"Nimeweka mpya asubuhi."

"Basi kimetengenezwa kisipige kelele. Kimenunuliwa na nani? Si kampuni yenu?"

"Baba!" Hillevi akasema. "Mgeni yuko mezani, unamwita mwizi?"

"Sijamwita mwizi. Nimeuliza nani kanunua."

"Swali si baya," akasema Disa bila kukasirika. "Ngoja tukijaribu mahali kitakapolia, muone kama ni kizima."

Akainuka na soksi zake za ndizi, akavuka jikoni, akakigusisha ukutani kando ya friji, juu ya karatasi ya maua ambayo Gunvor aliibandika mwaka Hillevi alipoanza shule. Kipima kililia kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Hakikupumzika.

"Ni kizima," Disa akasema polepole. Akakizima.

"Ni zege la buluu, tunajua," akasema Hillevi. "Lakini hapa palipimwa. Baba, si palipimwa? Ndiyo maana tunakuja kukaa. Ilikuwa ngapi?"

"Sitini."

"Sitini?" Disa akautazama ukuta, akamtazama mzee. "Inawezekana, kama hewa inapita sana. Vikopo viliwekwa wapi?"

Kwa miaka thelathini na saba hakuna aliyemuuliza swali hilo. Majirani hawakuuliza, Gunvor hakuuliza, manispaa haikuuliza. Sixten akanyanyuka, akazima jiko ingawa chapati ilikuwa bado upande mmoja.

"Barazani," akasema.

"Baraza gani?" Hillevi akauliza. "Ile ya vioo? Karatasi inasema chumbani. Nimeiona mwenyewe."

"Karatasi niliandika mimi."

Disa akaanza kukusanya vitu vyake kimya kimya. Hillevi hakumwona. "Nilikuwa na umri gani?" akauliza.

"Miezi mitano."

"Nilikuwa nalala wapi?"

Sixten akaelekeza kidole kwenye mlango wa chumba alimolala Ylva.

"Na Mama? Alijua?"

"Hapana."

 Hillevi akaingia chumbani, akamtoa mtoto akiwa bado na usingizi, akamvalisha suti yake ya theluji huku mkono mmoja ukikataa kuingia, akatoka bila kugusa kahawa. Mlangoni akageuka. "Umelikagua tofali langu kwa kioo," akasema. "Kwa kioo, Baba!"

Simu haikulia siku tisa. Siku ya kumi Sixten akavaa koti, akavuka uzio kwenda kwa Evert, dereva wa basi mstaafu, ambaye nyumba yake ni ya jiwe lile lile na ambaye alikuwepo kwenye kile chumba cha kahawa, akiwa amewaleta wafanyakazi wa zamu.

"Umekuja kuazima nini?" akauliza Evert mlangoni.

"Sikuja kuazima."

"Basi ni theluji yangu. Nimeisukumia kwako tena."

"Si theluji. Ni kile kipimo changu cha mwaka themanini na sita. Nilidanganya. Vikopo niliviweka barazani."

Evert hakuachia kitasa cha mlango. Nyuma yake redio ilikuwa ikisoma hali ya hewa ya baharini, ingawa bahari iko mbali kabisa na hapa.

"Ulisoma kwa sauti," akasema. "Ukasimama juu ya kiti."

"Sikusimama juu ya kiti."

"Ulisimama, Sixten. Mimi nikarudi nyumbani nikaichoma fomu yangu."

"Najua. Jaza nyingine, tafadhali."

"Na nitajuaje kama leo ndiyo unasema kweli? Binti yako anatafuta mahali pa kujenga. Labda mnataka nihofie nyumba yangu niwaachie kwa bei ya bure."

"Evert, nina miaka sabini na tisa."

"Hata hiyo siwezi kuthibitisha." Akaanza kufunga mlango, akaufungua tena kidogo. "Kahawa sikupi. Lakini hiyo fomu, wanaitoa wapi siku hizi?"

Siku iliyofuata gari la Hillevi likasimama nje. Alikuwa peke yake, na mfuko wa vikopo vinne, utepe wa gundi na kalamu ya wino mzito. Hakumsalimu baba yake kwa kumkumbatia. Alivua viatu akaenda moja kwa moja sebuleni.

"Shika kiti," akasema. Sixten akakishika, naye akapanda, akaweka kikopo cha kwanza juu ya rafu ya vitabu, akakigandisha kwa utepe, na juu ya utepe akaandika jina lake na tarehe, nusu kwenye utepe, nusu kwenye mbao.

"Unadhani nitakisogeza?"

"Ndiyo," akasema Hillevi.

 Walikwenda chumba hadi chumba hivyo, baba akibeba kiti, binti akitia sahihi. Chumbani Hillevi alitaka kuweka kikopo juu ya meza ndogo ya kitanda.

"Si hapo," akasema Sixten. "Hapo dirisha linapuliza kidogo. Weka kwenye kona ile, kati ya kuta mbili za nje, hewa haifiki. Hapo ndipo kilipokuwa kitanda chako."

 Hillevi akakiweka pale konani, akakigandisha, akaandika, na sahihi hii ilitoka imepinda.

Jibu likaja Mei: mia saba na kumi chumbani, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni mia mbili. Evert alipata zaidi, na safari hii alilitangaza mwenyewe mtaani, akisimama juu ya ngazi zake, bila aibu yoyote. Nyumba sita kati ya kumi na tatu zina feni sasa, upande wa mbele. Kwa Sixten namba imeshuka hadi mia na thelathini, na fundi aliyefunga feni alilazimika kumwonyesha mzee kila waya na kila bomba kabla ya kupewa sahihi.

Ylva hakulala katika chumba kile. Wazazi wake walikaa miezi mitano kwa mama yake Joar, jambo ambalo hakuna hata mmoja kati ya wote wanne aliyelifurahia. Vyumba vyeupe vikapanda kiangazi. Sixten alikuwepo kila asubuhi, akipima kila safu kwa pima maji yake mwenyewe kwa kuwa ya mafundi hakuiamini. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya rundo la matofali, anakata moja kwa msumeno wa mkono, na unga mweupe umemjaa magotini. Alikuwa anakata taratibu sana, kwa ufundi, kipande ambacho hakuna mtu aliyekihitaji.

Walihamia Septemba. Oktoba Hillevi akaweka vikopo katika vyumba vipya, na Januari karatasi ikarudi. Akamletea baba yake jikoni, akaiweka mbele yake. Ishirini na nane.

Sixten akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, hakuna kitu nyuma.

"Uliviweka wapi?"

"Sikuambii."

"Mbali na dirisha?"

"Mbali na dirisha. Joar mwenyewe hakujua vilipo. Na wewe, Baba, miezi mitatu sikukuacha uingie kule peke yako, hata Ylva ulimbeba mbele yangu tu. Unadhani kwa nini?"

"Nilidhani unaogopa nitamwangusha."

"Hapana. Kumbeba unajua. Nilivilinda vikopo."

Mzee akaikunja karatasi mara mbili, akamrudishia binti yake aende kuiweka yeye.